Kijiti cha Mkojo Kiko Wapi?

Hotuba za Siku ya Figo Duniani umezisikia Alhamisi. Mashine za kusafisha damu zitaongezwa, na wodi zitapanuliwa. Hatuna ugomvi na mashine. Aliyelala kando yake mara 3 kwa wiki anaijua thamani yake. Hospitali ya Muhimbili inapandikiza figo tangu Novemba 2017, nasi tulifurahi kama wengine. Lakini huku juu Amani, kwenye milima ya Usambara, tuna swali dogo, tuliuliza mwaka jana na leo tunauliza tena: kijiti cha kupimia mkojo kiko wapi?

Tunauliza kwa ajili ya mtoto mwenye lupasi.

Lupasi ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Huwapata zaidi wasichana, na mara nyingi huanza wakati wa kuvunja ungo. Homa haiishi, viungo vinauma, nywele zinakatika, mdomo una vidonda, na mashavuni hadi juu ya pua kuna upele. Kwenye ngozi zetu upele huo si mwekundu kama wa picha za vitabuni, huwa mweusi mweusi, watu wakadhani ni jua la shambani. Mtoto anatibiwa malaria, anatibiwa taifodi, anapelekwa kwa mganga, na miezi inakwenda. Kumbe lupasi ya utotoni hukimbilia figo kuliko ya mtu mzima. Katika watoto 10 wenye lupasi, 5 au zaidi huguswa figo, wengi wao ndani ya miaka 2 ya mwanzo.

Na figo haziumi. Msikilizaji, kaa kitako hapo. Figo haziumi. Mtoto anakwenda shule, anaruka kamba, na figo zinavujisha protini. Jicho la mama halioni. Kijiti kinaona. Unakinga mkojo wa asubuhi, unachovya, unasubiri dakika 1 au 2, rangi inasema: protini ipo, damu ipo. Ukipima na shinikizo la damu, kwa mkanda wa mkono wa mtoto na si wa baba yake, umeshajua kama ashushwe hospitali ya Muheza au Bombo ya Tanga, na kutoka huko Muhimbili au KCMC ya Moshi. Huko watapima kiasi cha protini na kreatinini, watatoa kinyama cha figo kwa sindano wajue madhara yamefika daraja gani, maana dawa hufuata daraja.

Mwambao huu wetu wa Tanga una mtego wake. Mkojo wa damu sisi tuna jina lake tayari: kichocho. Mtoto anapewa prazikwanteli, anarudi nyumbani. Mara nyingi ni kichocho kweli. Lakini ikiwa damu ipo hata baada ya dawa, ikiwa kuna protini nyingi, ikiwa kope zinaamka zimevimba, lazima apimwe tena. Apimwe kwa kitu gani? Kijiti kiko wapi?

Amani si mahali pa kuambiwa kipimo hakijafika. Wajerumani waliweka taasisi ya utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda mikwinini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikahamia hapa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Wazee wetu wametobolewa vidole miaka nenda rudi, damu zao zikapakwa kwenye vioo. Hata dawa ambayo mtoto wa lupasi hatakiwi kuikosa, haidroksiklorokwini, ni ndugu wa klorokwini, ile iliyotuwasha ngozi usiku kucha mpaka nchi ilipoiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Leo kipimo cha haraka cha malaria kinafika hadi zahanati ya kijiji. Kilipandaje mlima? Kilipandishwa. Na kijiti kipandishwe.

Tena hatusemi mtoto wa lupasi apimwe mara moja tu. Apimwe kila anapoonwa, hata akiwa mzima wa kucheka. Prednisoloni anayopewa kutuliza ugonjwa humvimbisha mashavu, majirani wanasema dawa inamuua, mama anaipunguza kimya kimya, na ugonjwa unarudi figoni bila hodi. Nani atajua, kama kupima kikombe cha mkojo ni safari ya zaidi ya kilomita 30 hadi Muheza, kwa nauli ya bodaboda, na masika ndiyo hii? Msamaha wa matibabu unamfunika mtoto wa chini ya miaka 5. Wa lupasi kwa kawaida ameshavuka.

Halmashauri, andikeni vijiti kwenye oda ya Bohari ya Dawa, na mkanda mdogo wa shinikizo msiusahau! Mganga wa zahanati, homa ya wiki ya tatu na viungo vimevimba, usiandike malaria kabla hujaona mkojo! Mwalimu, binti anayekuja na macho yamevimba kila asubuhi, mwite mzazi wake! Na wewe mama, hiyo prednisoloni usiiache wala usiipunguze bila daktari. Kesho akiamka, mpe kikopo safi akinge, upeleke zahanati kungali mapema. Uliza dirishani: kijiti kiko wapi? Wakikwambia hakuna, uliza kitakuja siku gani, na siku hiyo urudi na kikopo chako mkononi.