Vita vya Kaskazini: Tuviite kwa Jina Gani?

(Maneno yaliyotolewa katika semina ya haki na amani)



Nimeombwa niseme juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na najua wengi wenu mlitarajia nianze na Rwanda au Sudan. Sisi tumezoea kujisifu kwamba Kenya ni kisiwa cha amani, na kwamba mambo hayo ni ya majirani. Mimi nitaanza hapa nyumbani: Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit. Kati ya 1963 na 1967 Wakenya walipigana na Wakenya. Jeshi lilitumwa, mabomu yakategwa barabarani, na raia wakakusanywa kambini pamoja na mifugo yao. Yote hayo tuliyapa neno moja tu: shifta.

Neno hilo halikuzaliwa kwetu. Lilitoka upande wa Uhabeshi, na maana yake ni mnyang'anyi wa njiani. Tazameni kazi liliyoifanya. Mnyang'anyi hana dai la kujibiwa, hatumiwi wajumbe, wala hafanyiwi mkutano, husakwa, basi. Serikali inayokiri kwamba iko vitani hulazimika kueleza inapigana na nani na kwa nini, na huulizwa juu ya mateka na juu ya raia. Inayosema inasaka wezi haiulizwi kitu. Hata hivyo, Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kaunda wa Zambia alimpatanisha Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia. Ni wezi gani hao ambao marais na mawaziri wakuu huketi kuwamaliza kwa mapatano ya nchi mbili?

Juu ya chanzo, mvutano ni mkali zaidi. Serikali yetu ilisema chanzo ni Mogadishu, nayo haikusema uongo mtupu. Nyota iliyo katika bendera ya Somalia ina pembe tano, na mojawapo ilikuwa ni kaskazini yetu. Silaha zilitoka huko, na maneno ya redio pia. Mogadishu nayo ilisema chanzo ni watu kunyimwa haki ya kujichagulia, na hoja hiyo pia ilikuwa na mguu wa kusimamia. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, ikakuta kwamba Wasomali, waliokuwa wengi katika eneo lile, karibu wote walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Waingereza hao hao wakatangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Waliwauliza watu, wakapewa jibu, wakaliweka kabatini. Uchaguzi wa Mei mwaka huo Wasomali wakaususia.

Lakini naona kwamba hizi ni sababu za wakubwa, wenye ramani mezani. Mtu wa kawaida wa Wajir alikuwa na historia nyingine. Tangu 1926 sheria ya kikoloni ilikuwa imelifunga eneo lake. Aliingia na kutoka kwa kibali, na shule na barabara alizisikia kwa mbali. Hakuwahi kutendewa kama mwenzake wa Nyeri au Kisumu. Tarehe 12 Desemba 1963 aliambiwa kwamba sasa yeye ni Mkenya huru, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ikatangazwa juu ya kichwa chake. Uhuru wetu na kifungo chake vilifika pamoja.

Wala watu wa kaskazini hawakuwa na moyo mmoja. Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Hao walikuwa wana wa kaskazini, na waliouawa kwa kukataa kujitenga wana haki ya kukumbukwa. Kwa hiyo simkubali anayesema vilikuwa vita vya ukombozi, akanyamaza hapo. Jina hilo nalo lina damu ambayo halipendi kuonyesha.

Waborana wa Isiolo hukiita kipindi kile Gaf Daba. Hilo si jina la serikali wala la chama. Kuanzia 1966 watu walikusanywa kambini, Garba Tula, Merti na kwingineko, wakakatazwa kuyafuata malisho. Mifugo ikafa kwa njaa ndani ya uzio, na nyingine ikapigwa risasi nje yake. Mfugaji aliyeingia kambini na kundi alitoka akiwa maskini wa kuombaomba, bila kufunguliwa mashtaka hata siku moja.

Sasa sikilizeni, maana hapa jina linageuka kuwa sheria. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka huko kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Ikiwa polisi walikuwa wakisaka wezi tu, kinga hiyo ilikuwa ya nini? Na amri za hali ya hatari ziliendelea hadi mwishoni mwa 1991. Ndizo zilizoifanya kaskazini kuwa mahali ambapo, Februari 1984, wanaume wangeweza kukusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na kuuawa, na serikali ikaita jambo hilo operesheni. Sisi wanamageuzi tulishangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A Desemba 1991. Ni wangapi kati yetu waliojua kwamba majuma machache tu yalikuwa yamepita tangu ndugu zetu hao waondolewe hali ya hatari?

Tukumbuke pia yaliyotupata sisi wenyewe. Oktoba 1991 nyumba zilipoanza kuchomwa Meteitei, kisha Molo na Burnt Forest, tuliambiwa ni mapigano ya kikabila. Makanisa yalikataa jina hilo, na mwaka 1992 kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ikaonyesha mkono wa wanasiasa. Bunge likaikataa ripoti hiyo. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini neno shifta tuliendelea kulitumia pasipo kujiuliza.

Kwa hayo, naiomba kila parokia ianze kuandika ushuhuda wa wazee wa kaskazini waishio kati yetu, kwa maneno yao na kwa majina wanayoyatumia wao. Na miongoni mwetu wamo wazee waliotumwa huko wakiwa askari vijana. Nao waulizwe, kwa heshima, wala wasihukumiwe kabla hawajasema. Daftari litakuwa kwa katibu baada ya ibada.