Jumba hulipuliwa mara moja tu

Ukiketi na vijana wapenda sinema hukawii kuusikia ubishi huu. Mmoja atasema sinema za zamani za vyombo vya angani zilikuwa bora, kwa kuwa vyombo vile vilikuwa modeli za kushikika, vimeundwa kwa mbao na plastiki kisha vikapigwa picha. Mwenzake atamcheka na kumwambia kompyuta imekwisha kuimaliza kazi hiyo. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa upande wa yule wa kwanza.

Nilikuwa kijana nilipoiona Independence Day, sinema ya mwaka 1996, katika kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi. Ikulu ya Marekani ilipolipuka, kibanda kizima kilipiga kelele. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kilicholipuliwa kilikuwa kijumba cha mfano.

Kulipua kijumba si mchezo. Kitu kidogo hufika chini upesi mno, na jicho la mtu hulitambua hilo hata kama mwenyewe hakusoma fizikia. Dawa yake ni kuikimbiza kamera. Sinema ya kawaida ni picha 24 kwa sekunde. Modeli iliyopunguzwa mara 25 hupigwa picha 120 kwa sekunde, yaani mara tano zaidi, kisha huoneshwa kwa mwendo wa kawaida. Kwa nini tano? Kwa sababu hesabu yake ni kipeuo cha pili, na tano mara tano ni 25. Hapo kifusi kitashuka polepole, kwa uzito wa jengo la kweli. Kinachowashinda mafundi ni maji, kwani tone la maji halipunguzwi kwa amri ya mtu. Ndiyo maana modeli za meli hujengwa kubwa.

Sasa fikiria mwongozaji wa sinema aliye mbele ya kijumba hicho. Baruti imekwisha kutegwa na kamera zimepangwa. Lazima awe ameamua anataka nini, maana jumba hulipuliwa mara moja tu.

Kompyuta ilikuja na tabia nyingine. Mwaka 1993, katika Jurassic Park, fundi Phil Tippett alikuwa amejiandaa kuwaendesha dinosau kwa vikaragosi, picha moja baada ya nyingine. Wenzake wa Industrial Light & Magic wakaonesha dinosau wa kompyuta, na kazi yake ikaota mbawa. Hata hivyo hakufukuzwa. Alibakishwa asimamie mwendo wa wanyama wale, maana kompyuta haikujua mnyama mzito anavyouweka mguu chini.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Karakana ya modeli ya kampuni hiyo hiyo ilitengwa mwaka 2006 ikawa kampuni ya kujitegemea, Kerner Optical, na mwaka 2011 ikafilisika. Haya, tukasema kompyuta imeshinda. Lakini Februari 2013 kampuni ya kompyuta ya Rhythm & Hues, ya California, nayo ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Siku chache baadaye kazi yake katika Life of Pi ikatunukiwa Oscar. Nje ya ukumbi mafundi wa kompyuta walikuwa wakiandamana. Ndani, mmoja wa washindi alipoanza kuitaja shida ya kampuni, alizimwa kwa muziki wa Jaws, sinema ya yule papa wa mashine wa mwaka 1975. Sijui aliyeuchagua muziki huo alikuwa akifikiri nini.

Kulikoni mshindi naye afilisike? Mara nyingi kampuni hizi hukubaliana bei moja kabla ya kazi kuanza. Mwongozaji akibadili mawazo, picha hurudiwa, na akibadili tena hurudiwa tena, kwa sababu kwenye kompyuta hakuna kifusi cha kuzoa. Usiku wa kurudia kazi huwa ni wa fundi, na gharama humwangukia mwajiri wake. Kisha sinema ikitoka na picha zake zimelipuliwa haraka-haraka, sisi watazamaji tunasema kompyuta haifai. Nami nimelisema hilo mara nyingi.

Kwa hiyo nilipokwenda kuiona Godzilla Minus One, ya Japani, ya mwaka 2023, nilikwenda kutafuta kasoro. Godzilla wa mwaka 1954 alikuwa mtu ndani ya vazi la mpira akikanyaga Tokyo ndogo, kazi ya fundi Eiji Tsuburaya, na mzee yule mimi ninamheshimu. Huyu wa sasa ni wa kompyuta. Picha za namna hiyo zilikuwa 610, na waliozitengeneza walikuwa watu 35 hivi. Mnyama alipoifukuza boti baharini, maji yaliinuka kwa uzito wake wote, nami nikajikuta nimekamata kiti kama siku ile kibandani.

Sinema hiyo ilipata Oscar mwaka 2024. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyesimamia kazi hiyo ya kompyuta. Aliyetaka picha irudiwe na aliyejua kuirudia kutamgharimu fundi usiku mangapi walikuwa mtu yule yule.