Kuchagua redio ndogo ya memori kadi

Redio ndogo inayosoma memori kadi na flashi ndiyo mrithi wa redio kaseti katika vijiji vya Ufipa.

Panapotegemewa sola, betri huangaliwa kwanza. Redio nyingi hutumia BL-5C, ile ya simu za Nokia za vitufe: ikichoka hutolewa kwa ukucha, ikawekwa nyingine. Iliyofungiwa ndani ni kero, kwa kuwa ikichoka hutaka fundi. Betri inayozunguka kama pia ikiwekwa mezani imevimba. Hiyo haifai hata kwa bure.

Wimbo wa MP3 wa dakika 4 huchukua takriban MB 4, hivyo kadi ya GB 8 hubeba nyimbo karibu 2,000, zaidi ya saa 120 bila kurudia. Kadi inayozidi GB 32 mara nyingi haisomwi na redio za bei nafuu.

Spika hujaribiwa palepale dukani, sauti ikiwa juu kabisa. Inayokwaruza Sumbawanga mjini itakwaruza vilevile shambani.