Milimita Moja Nyuma ya Pedeli ya Breki



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya breki za gari lililoundwa nyumbani, nami nitajifunga kwenye sehemu moja tu: pedeli na vitu vilivyoungwa nayo. Silinda, diski na mipira hununuliwa vikiwa vimekwisha kupimwa kiwandani. Lakini namna vinavyokutana na mguu wa dereva hupimwa na muundaji mwenyewe, mara nyingi akiwa amepiga magoti bandani, taa mkononi.

Mfano wangu ni gari dogo la viti viwili, la mtindo wa Lotus Seven. Lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande, kwa kuwa gari lisiloungwa lilisamehewa kodi ya manunuzi iliyotozwa magari mazima. Kodi ile iliondolewa mwaka 1973, lakini desturi ya kujiundia haikufa, na magari ya mtindo huo huundwa hata leo.

Gari hili ni jepesi, na mara nyingi halina busta ya kuusaidia mguu. Nguvu ya kulisimamisha hutoka kwa dereva, ikizidishwa na urefu wa pedeli. Basi pima kutoka mhimili wa pedeli hadi katikati ya bapa la kukanyagia, kisha kutoka mhimili huo hadi fimbo inayosukuma masta silinda. Vipimo vikiwa milimita 300 na 60, nguvu huzidishwa mara 5: mguu ukikandamiza kwa kilo 30, pistoni husukumwa kwa kilo 150. Uzidisho ukiwa mdogo sana, mguu hushindwa; ukiwa mkubwa sana, pedeli huwa laini lakini husafiri mbali mno kabla ya breki kushika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ndani ya masta silinda mna tundu dogo, mfano wa tundu la sindano. Mguu unapoachia, pistoni hurudi nyuma na kulifunua, mafuta ya breki yakapata njia ya kurejea katika kikopo chake. Fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni haifiki nyuma kabisa, na tundu hubaki limezibwa. Gari likiwa baridi hutaona dosari. Pengine utaisifu pedeli kwa kuwa juu na imara. Breki zikipata joto, mafuta hutanuka, hayana pa kwenda, nayo huzikaza breki bila mguu wa mtu. Breki zilizokazwa huzidi kupata joto, na mafuta huzidi kutanuka.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Niliona pedeli ya gari langu iko chini, nikairefusha fimbo kwa mizunguko miwili. Nilifurahi kwa kilomita chache. Kisha, kwenye mteremko mrefu, gari likaanza kupunguza mwendo wala sikuwa nimegusa pedeli, nikailaumu injini. Harufu ndiyo iliyonisimamisha kando ya barabara. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi, na gari halikusukumika. Lilipopoa, baada ya muda mrefu, likasogea lenyewe kama lisilo na ugonjwa. Pedeli ilikuwa chini kwa sababu breki za nyuma, zile za ngoma, zilikuwa zimelegea mbali na ngoma zake. Kosa lilikuwa nyuma. Mimi nikaenda kulificha mbele.

Kwa hiyo pedeli hurekebishwa mwisho. Breki za ngoma zikazwe kwanza, upepo utolewe wote mabombani, ndipo uishike spana ya fimbo. Legeza nati ya kufungia, uzungushe fimbo mpaka ikaribie pistoni bila kuisukuma. Nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja yatosha, isipokuwa maelezo ya mtengenezaji wa silinda yataje nyingine. Kwa pedeli ya uzidisho wa 5, huo ni mchezo wa milimita 2.5 hadi 5 kwenye bapa. Usikilize kwa vidole. Kiatu hakina hisi hiyo. Kaza nati, kisha upime tena, maana kukaza kwenyewe huweza kuizungusha fimbo.

Jihadharini na swichi ya taa za breki. Mtu hupima fimbo sawasawa jioni, asubuhi akafunga swichi, nayo ikiwa imesogezwa mbele mno huisukuma pedeli na kuila nafasi yote aliyoiacha. Pedeli iwe na kizuizi chake yenyewe, bolti iliyo imara, na swichi ifuate.

Baadhi ya magari haya yana masta silinda mbili, moja ya breki za mbele na moja ya nyuma, zikisukumwa na pedeli moja kupitia upau wa mizani. Mgawo uwe ule unaofanya magurudumu ya mbele yajifunge kabla ya ya nyuma, kwani ya nyuma yakitangulia, gari huzunguka. Ukishaupata, upau ufungwe usiweze kujizungusha. Kisha fungua skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu moja la mbele na ukanyage: pedeli itazama zaidi, lakini breki za nyuma lazima zishike kabla bapa halijagusa ukuta wa mbele. Likigusa kwanza, silinda mbili hazikufaidii kitu. Baada ya jaribio hilo, toa upepo upya.

Kwa mnunuzi wa gari lililokwisha kuundwa, muuzaji akijivunia pedeli isiyo na mchezo hata kidogo, omba uliendeshe kilomita kadhaa ukifunga breki mara nyingi. Simama mahali tambarare, toa gia, ulisukume kwa mkono. Likikataa, mwombe fundi alegeze kidogo nati zinazoishika masta silinda ukutani, ili isogee mbele milimita moja. Magurudumu yakiachia papo hapo, fimbo ni ndefu. Yasipoachia, atafute kwenye mabomba ya mpira na pistoni za magurudumuni, na bei isizungumzwe kabla hajaona.