Bomba Liletalo Maji Nyumbani: Jinsi ya Kulikagua



Jambo tulilowaitia ni maji ya kunywa, na hasa bomba liyaletalo nyumbani. Maji ya Chicago hutoka Ziwa Michigan na kusafishwa mitamboni. Risasi huingia baadaye, njiani, katika bomba jembamba liunganishalo bomba kuu la mtaani na nyumba. Hadi mwaka 1986, kanuni za mji huu ziliagiza bomba hilo liwe la risasi kwa nyumba ndogo. Mwaka huo sheria ya taifa ikapiga marufuku mabomba mapya ya risasi, lakini yaliyokwisha kufukiwa yakabaki ardhini. Ndiyo maana Chicago ina takriban mabomba 400,000 ya aina hiyo, mengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani.

Risasi iliyo majini haionekani, hainuki wala haina ladha. Maji maangavu katika glasi hayathibitishi lolote. Wataalamu wa afya hawajui kiasi chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto, kwa kuwa huudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza. Walio hatarini zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji ya bomba, na mama mjamzito, ambaye risasi iliyo mwilini mwake humfikia mtoto tumboni.

Wengi wenu mmelelewa katika desturi ya kuchemsha maji. Desturi hiyo ni njema, kwani huua vijidudu. Lakini risasi si kijidudu. Maji yachemkapo hupungua kwa mvuke, nayo risasi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Kuchemsha, basi, hakuiondoi.

Tuanze na ukaguzi. Tafuteni mahali bomba linapoingilia nyumbani, mara nyingi katika chumba cha chini ya ardhi, karibu na mita. Kati ya ukuta na koki ya kwanza ya kufungia maji, likwaruzeni taratibu kwa ufunguo au sarafu, kisha lijaribuni kwa sumaku. Bomba la risasi ni laini: hukwaruzika kwa urahisi, alama yake hung'aa kama fedha, na sumaku hainati. Bomba la shaba huwa na rangi ya senti. Bomba la chuma ni gumu, la kijivu, na sumaku hunata. Msitumie kisu wala msumeno, na mnawe mikono mkimaliza.

Jaribio hilo huonyesha kipande kilicho ndani tu. Kilichofukiwa nje chaweza kuwa cha aina nyingine. Kwa hiyo ulizeni pia kumbukumbu. Kanuni za taifa zilizitaka mamlaka za maji ziwe na orodha ya mabomba hayo kufikia Oktoba 2024, na orodha hiyo ni haki ya umma kuiona. Mkikuta nyumba yenu imeandikwa kwamba aina ya bomba haijulikani, msidhani kuwa ni salama. Lichukulieni kama la risasi hadi ithibitike vinginevyo.

Hatua ya tatu ni kuyapima maji yenyewe. Mkazi wa Chicago aweza kupiga simu 311 na kuomba vifaa vya kupimia bila malipo. Chupa ya kwanza hujazwa baada ya maji kutulia bombani saa 6 au zaidi, kwa kawaida alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufungua koki. Jibu jema la mara moja halifuti hatari, maana chembe za risasi hubanduka siku moja na zisibanduke siku nyingine.

Wakati mnasubiri, chukueni hadhari hizi. Tumieni maji baridi pekee kwa kunywa, kupikia na kukorogea maziwa, kwa kuwa maji ya moto huyeyusha risasi zaidi. Maji yakiwa yametulia muda mrefu, yaacheni yatiririke dakika kadhaa. Kuoga au kufua kwanza hufaa pia. Nunueni kichujio chenye alama ya NSF/ANSI 53 kinachotaja risasi kwa jina, na kibadilisheni chujio chake kwa wakati. Safisheni kijichujio kilicho mdomoni mwa koki. Kuoga kwa maji haya hakuna hofu. Mwombeni daktari ampime mtoto damu.

Mpangaji asione haya kumwuliza mwenye nyumba. Aulize kwa maandishi, kwa adabu, na abaki na nakala. Mwenye nyumba naye, akiamua kubadilisha bomba, alibadilishe lote kutoka mtaani hadi ndani. Kukata kipande na kuacha kingine huitikisa risasi iliyosalia, na kwa muda maji huweza kuwa mabaya kuliko awali.

Ufunguo, sumaku na dakika chache zatosha kuanza. Tunawaomba mfanye hivyo juma hili, na mmweleze jirani ambaye hakuweza kufika.