MJI WA PANGANI, TABIA YAKE NA HABARI ZAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Endabash



Mmetutaka tuwaeleze habari za mji ule tulioutumikia kabla ya kuletwa huku, nasi twaanza kwa kuungama. Tulipopokea barua ya uhamisho kwenda Pangani tulinung'unika siku tatu. Tulidhani karani apelekwaye mji mdogo amekwisha kusahauliwa. Wamo humu walionung'unika vivyo hivyo walipopewa Endabash, na kwa ajili yao tumeona heri kunena.

Pangani uko ukingo wa kaskazini wa mto, pale mto uingiapo baharini. Ng'ambo ni Bweni, na watu huvuka kwa pantoni. Maji yale yatoka Kilimanjaro na Meru, nasi tuliozoea mito ya huku, iishiayo Ziwa Manyara pasipo kuiona bahari, tulisimama saa nzima tukiyatazama. Minazi imeuzunguka mji. Nyumba za zamani ni za mawe na chokaa, zenye milango ya nakshi, na nyingine zimechakaa sana. Wenyeji hawana haraka. Mgeni aulizaye njia kabla ya kuwaamkia walioketi barazani huhesabiwa hana adabu. Hayo tulifunzwa siku ya pili, baada ya kukosea siku ya kwanza.

Wala mji huo haukuwa mdogo sikuzote. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ilikusanyika hapo: nguo, shanga na masango zilipanda bara, pembe za ndovu zikashuka. Na mashamba ya miwa kando ya mto yalilimwa na watumwa. Asimuliaye utajiri wa Pangani akaliacha neno hilo, amesimulia nusu.

Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wadachi ilikuja kuutawala mji, wenyeji wakakataa. Mkuu wao aliyejulikana zaidi ni Bushiri bin Salim, naye alikuwa na shamba la miwa huko huko. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini kabla ya hayo watu wake walimkamata msafiri mmoja, Oscar Baumann, wakamtia minyororo mpaka alipokombolewa kwa fedha. Sasa sikieni, ndugu. Baumann huyo huyo, mwezi wa Machi 1892, alifika Ngorongoro, jirani yetu hapa, na safari hiyo akaimaliza Pangani mwaka 1893. Jina lake limo vitabuni. Wapagazi waliomchukulia mizigo, wengi wao hawatajwi. Nasi makarani twajua hasara ya daftari lisilo na majina.

Kilichoudhoofisha mji baadaye si vita bali mchanga. Mlangoni mwa mto pana fungu, meli kubwa haziingii, na Tanga pana bandari ya kina. Basi reli ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Mizigo ya bara ikafuata gari la moshi, Pangani ukabaki na mkonge, nazi na samaki. Sisi wa Endabash twalielewa jambo hili bila kufafanuliwa sana: barabara ya lami ilipita Karatu kwenda lango la Ngorongoro, haikupita kwetu.

Pangani nao, katika miaka hii ya 2020, kazi ya kujenga daraja la kuvukia mto ilianza. Wakati wetu palikuwa na pantoni tu, na kwa pantoni hiyo alivuka mama mmoja wa Bweni kutafuta cheti cha mwanawe cha kuzaliwa, mtoto asije akakwama shuleni. Alivuka mara tatu. Mara zote tatu tulimwambia arudi juma lijalo, kwa kuwa madaftari tulikuwa hatujayagusa, tukingoja barua nyingine ya kututoa pale. Mara ya tatu mvua ilimnyeshea, naye akaketi mlangoni pa ofisi akikamua kanga yake, asiseme neno.

Usiku ule tuliwasha taa tukaandika mpaka alfajiri. Aliporudi mara ya nne cheti kilikuwa tayari. Hakutukemea. Alikifunga katika upindo wa kanga, akateremka upesi kuwahi pantoni.