Kisu Kisiungue: Maneno ya Katibu wa Tawi juu ya Mashine ya Kunolea

(Yalisemwa mbele ya ghala la Ushirika. Yameandikwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumekuja na neno moja tu, nalo ni ile mashine ya kunolea yenye mkanda wa msasa. Tangu ianze kazi, maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema inaua mapanga. Wako wanaotaka iuzwe, turudi kwenye tupa na kinoo. Na mavuno ya mpunga ndiyo haya yako mlangoni. Kwa hiyo lazima tuelewane leo.

Mapanga yaliyoletwa ofisini kwa malalamiko tumeyaangalia moja moja, sisi pamoja na fundi. Yote yana dalili moja: kwenye makali pana doa la buluu. Wengine mlidhani ni kutu, wengine mkasema ni rangi ya kiwandani. Hapana. Ile ni alama ya moto.

Mtu atauliza, mbona mashine haina moto? Sugua viganja vyako haraka haraka, uone. Sasa mkanda ule unapita kama mita 15 kwa sekunde moja, yaani ukitamka "moja" tu, umekwisha kupita urefu wa darasa letu na zaidi. Chuma kinachosuguliwa hivyo hupata moto, na pale penye makali, kwa kuwa ni pembamba kama karatasi, hupata moto kabla ya pengine pote. Bapa la panga unaweza kulishika likiwa vuguvugu, kumbe makali yamekwisha kuungua.

Chuma cha pua kilipata ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa, kuzamishwa ghafla, kisha kupashwa tena kidogo kwa kipimo. Kikifika kama digrii 220 za Sentigredi huonyesha rangi ya njano, kama majani makavu. Kikikaribia 300 ndiyo ile buluu, na hapo ugumu umepungua. Utakinoa asubuhi, na saa nne kimelala. Wala msidanganyike kwamba ukikitumbukiza majini baada ya kuona buluu kitapona. Maji ni ya kuzuia. Dawa yake ni kuondoa sehemu yote iliyoungua, polepole, mpaka ufikie chuma kizima. Maana yake panga linapungua upana. Wazee hapa bado wana mapanga ya UFI ya Ubungo, ya miaka ile ya 1970 na 1980, yamebaki membamba lakini yanakata, kwa sababu hayakuunguzwa. Mali ya mtu inaliwa na haraka.

Basi kinachoharibu ni haraka, na haraka hiyo inatoka kwenye foleni. Kijana wa mashine anasimamiwa kichwani na watu 20, kila mmoja anasema "mimi kwanza, shamba linaningoja." Naye anakandamiza panga kwenye mkanda ili amalize. Jamani, hivyo hata fundi wa mjini angeunguza!

Kuanzia sasa kazi itakwenda hivi. Ndoo ya maji ikae karibu na mashine. Panga lipite mara moja upande huu, mara moja upande ule, kisha majini. Mnoaji ashike bila glavu za kitambaa, kwanza zinaweza kunaswa na mkanda zikavuta mkono, pili kidole ndicho kitakachomwambia kwamba chuma kinapata moto. Asikandamize. Mkanda uliokwisha, usiouma tena, utolewe, kwa maana huo husugua bila kukata, nao ndio unaounguza kuliko mpya. Mtunza hazina asilalamike kuhusu mikanda: panga ni ghali zaidi.

Mkanda wetu unashuka, basi makali yaelekee chini, mkanda utokee mgongoni na kuishia kwenye makali. Ukigeuza, makali yanaumana na mkanda, yanauchana, na kisu kinaweza kurushwa.

Juu ya mlalo wa kisu, wenzetu wa darasa la elimu ya watu wazima wamepata kipimo kizuri. Chukua karatasi yenye pembe mraba, ikunje pembe hiyo katikati, unapata digrii 45. Ikunje tena, unapata 22 na nusu. Hiyo inatosha kwa kisu cha jikoni, kila upande. Panga la kukatia kuni lisimame zaidi kidogo, kama 30, maana makali membamba mno hupinda kwenye gogo. Karatasi imebandikwa ukutani kwenye mashine, msiing'oe kwa kuvutia tumbaku.

Ukihisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili wa makali, ujue umefika, acha. Uzi huo uondolewe kwa kinoo, taratibu, au kwa kipande cha mshipi wa ngozi. Akina mama mliosema visu vinakuwa vikali siku moja tu, mara nyingi sababu ni uzi huo kuachwa.

Mundu wenye meno usiletwe kabisa. Mkanda utafuta meno, na mundu huo hautavuna tena.

Halafu, mashine itahama kutoka chumba cha kusagia nafaka. Mmeona cheche zake. Vumbi la unga likijaa hewani linashika moto, tena kwa kishindo. Itakaa chini ya banda la nje, mbali na mafuta ya dizeli. Mnoaji avae miwani na barakoa, na asikaribie mtu mwenye khanga inayoning'inia wala mtoto.

Wanaotaka iuzwe tumewasikia, na hoja yao itapelekwa kwenye mkutano mkuu baada ya mavuno. Kwa sasa, kunoa ni Jumatatu na Alhamisi. Panga linaachwa asubuhi, linachukuliwa jioni, hakuna kusimama foleni. Yale yenye buluu yaliyoko ofisini yataanza, bila ada. Kila mmoja afunge kitambaa chenye jina lake kwenye mpini. Ambaye bado hajaweza kuandika jina, aje darasani Jumatano jioni, chaki ipo.